Kurwa Alitikiswa Nusu

Huruma isiyo na mahali pake haimfai mtoto. Mzazi anayeogopa kumwona mwanawe akilia leo hujiwekea akiba ya machozi, na siku akiba hiyo inapofunguliwa, anayeitoa machoni ni yeye mwenyewe. Mama yeyote aliyewahi kumshika mtoto anyweshwe dawa chungu analijua jambo hili. Hadithi hii ni ya mama aliyelijua vizuri nyumbani, akalisahau kazini.

Alikuwa mhandisi wa setilaiti. Alimaliza masomo yake akiwa ananyonyesha, na mihadhara ya umeme aliisikiliza akiwa amesimama nyuma ya darasa, akimbembeleza mtoto mgongoni. Wenzake kazini walimwita Mama Pacha. Si kwamba alizaa pacha, maana nyumbani alikuwa na binti mmoja tu, ambaye sasa alikuwa ameanza kung'oka meno ya mbele. Walimwita hivyo kwa sababu yeye na kikundi chake walikuwa wanaunda setilaiti mbili zilizofanana kama shilingi kwa ya pili. Kila moja ilikuwa na ukubwa wa boksi la viatu. Iliyotangulia kukamilika waliiita Kurwa, iliyofuata Doto. Ndani ya kila moja mlikuwa na betri, kompyuta ndogo, redio, na antena iliyokunjwa kama utepe wa kupimia wa fundi cherehani. Kazi ya pacha hao ilikuwa kuizunguka dunia na kupima unyevu wa ardhi, ili mkulima ajue kabla ya kupanda kama udongo wake una kiu.

Jinsi Mama Pacha alivyokuwa nyumbani, asubuhi moja yatosha kuisimulia. Binti yake alicheza pekupeku, kibanzi cha ubao kikamwingia unyayoni. Baba mtu alikuwa kinyozi. Kutwa alipitisha wembe shingoni mwa watu bila mkono kutetemeka. Alikiangalia kile kibanzi mara moja, akageukia dirishani.

"Kiache," alisema. "Kitatoka chenyewe."

"Kikioza humo ndani utaniambia nini?" Mama Pacha alimjibu huku akipitisha sindano kwenye moto wa kiberiti. "Njoo umshike mguu."

"Nani, mimi?"

"Kuna kinyozi mwingine humu ndani?"

Mtoto alilia kilio cha kuita majirani. Mama yake hakupepesa jicho. Alichokonoa, akakivuta kibanzi chote, akaosha kidonda na kukifunga kitambaa. Jasho lilikuwa linamtiririka kinyozi kama aliyechomwa yeye.

"Mama, wewe huna huruma," binti alisema kwa kwikwi.

"Ninayo. Ndiyo iliyoshika sindano."

Kabla ya chakula cha mchana mtoto alikuwa anaruka kamba.

Maabara ya Mama Pacha na wenzake ilikuwa kwenye ghorofa ya pili ya jengo la chuo. Kabla ya kuingia ulivua viatu, ukavaa koti jeupe na kofia ya kufunika nywele, kisha ukakanyaga zulia linalonata ili vumbi libaki mlangoni. Juu ya mlango huo palibandikwa kanuni moja ambayo Mama Pacha mwenyewe aliiandika kwa wino mwekundu: "Kila kitakachopanda roketi kitikiswe hapa kama roketi itakavyokitikisa, na zaidi kidogo." Wenye roketi hawakudai kiasi hicho. Walichotaka wao ni kuhakikisha kwamba boksi halitapasuka njiani na kuharibu mizigo ya wengine, na kwa hilo mtikisiko mdogo uliwatosha. Kanuni ya mlangoni ilikuwa kali zaidi kwa sababu ilitungwa kwa ajili ya uhai wa setilaiti yenyewe. Ikishaachwa huko juu, hakuna fundi atakayeifuata na bisibisi.

Mwenye kutikisa alikuwa mhandisi wa majaribio aliyeitwa Tetemeko. Alisoma darasa moja na Mama Pacha, yeye akawa wa kwanza na Mama Pacha wa pili, jambo ambalo hakuruhusu lisahaulike. Meza yake ilikuwa kipande cha chuma kinene, kipana kama sinia, kilichofungwa juu ya mtambo unaokirusha juu na chini kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Waliiweka chumba cha chini kabisa, kwani ingekuwa juu, walimu wote wa jengo lile wangehama.

Wa tatu alikuwa fundi wa redio. Huyu walimwita Sikio, kwanza kwa sababu ndiye aliyesikiliza mawimbi, na pili kwa sababu sikio lake la kushoto halikuwa limesikia kitu tangu alipougua utotoni. "Moja linatosha," alizoea kusema. "Wenye mawili mbona hamsikii mnayoambiwa?"

Wa mwisho kujiunga alikuwa Mzee wa Miwani. Maisha yake yote alisaga na kung'arisha vioo katika duka dogo, akiwarudishia watu macho. Aliposikia kwamba vijana wa chuo wanatafuta lenzi ya kamera na hawaipati kwa ukubwa wanaoutaka, alifunga duka akawafuata.

"Watu wangu nimewaonyesha barabara, magazeti na sura za wake zao," aliwaambia. "Nipeni nafasi, niitazame dunia yenyewe."

Aliisaga ile lenzi kwa miezi mingi. Mara mbili iliingia doa, akaitupa, akaanza upya. Alipoileta hatimaye, ikiwa imefungwa katika kitambaa cha pamba, watu wazima waliizunguka kama watoto wanaoonyeshwa kifaranga. Ilikuwa moja tu, na mahali pake palikuwa kwenye kamera waliyomwongezea Kurwa peke yake. Picha zote za nchi yao zilizowahi kupigwa kutoka angani zilipigwa na wageni, wenye nchi wakatumiwa kama watu wanavyotumiwa kadi ya salamu. Safari hii wangejiangalia kwa jicho lao wenyewe. Mama Pacha alishaahidi hivyo kila mahali: kwa mkuu wa chuo, kwa waandishi wa habari, na kwa binti yake, ambaye naye alishawatangazia wanafunzi wenzake wote kwamba bati la paa lao litaonekana.

Wiki ya kutikisa ikafika. Kikundi kizima kilikuwa na mori. Waliongea wakikatizana, walikula wakiwa wamesimama. Sanduku la kuwapeleka pacha kwenye kituo cha roketi lilikuwa tayari, limewekwa sponji ndani, na lilipaswa kuondoka Jumatatu. Roketi ni kama gari la harusi ya mtu mwingine. Usipokuwa tayari, linaondoka na wenyewe.

Alhamisi alianza Doto. Tetemeko alimfunga mezani kwa boliti, akaongeza nguvu polepole hadi mwisho, na zaidi kidogo. Doto alinguruma, kisha akapiga ukelele wa chuma uliowafanya wote wakaze meno. Kwenye kioo cha kompyuta mstari unaoonyesha mtetemo uliruka kama panzi.

"Kuna kitu kimeachia," Tetemeko alisema, akazima.

Walimfungua. Lehemu iliyoshika mguu wa antena ilikuwa imepata ufa mwembamba kama unywele. Hakuna aliyenuna. Sikio alipiga kofi moja akasema, "Afadhali umelia hapa, mwanangu." Walichomelea upya antena ya Doto, wakachomelea na ya Kurwa pia, wakamrudisha Doto mezani. Mara hii alinguruma mpaka mwisho bila ukelele.

Ijumaa ilikuwa zamu ya Kurwa. Mzee wa Miwani alishindwa kukaa ndani. Alisimama ukumbini, vidole masikioni. "Mkimaliza mniite," alisema.

Mama Pacha alimbeba Kurwa kwa mikono miwili, akamweka mezani. Jicho lake la kioo lilimtazama. Aliona ndani yake taa za dari, na uso wake mwenyewe, mdogo, umepinda. Akawaza habari ya kuokota vipande vya kioo sakafuni. Akawaza Jumatatu.

"Nusu," alisema.

Tetemeko alidhani hajasikia vizuri. "Nusu ya nini?"

"Ya nguvu. Huyu mtikise nusu."

"Na roketi nayo tutaiomba ipae nusu?"

Sikio alicheka, akaona anacheka peke yake, akaacha.

"Kioo kikipasuka unacho kingine?" Mama Pacha aliuliza. "Mzee asage upya mpaka lini? Na sanduku linaondoka Jumatatu."

"Ile kanuni mlangoni uliiandika wewe. Tena kwa wino mwekundu."

"Ninajua nilichoandika."

"Basi nenda ukajisomee."

"Doto ameshatikiswa akapona. Hawa ni pacha, damu moja."

"Doto hana jicho," Tetemeko alisema. "Hata yule Mwanasesere tuliyemtikisa mwaka jana hakuwa na jicho."

Mwanasesere ni jina walilolipa boksi la majaribio, lenye umbo na uzito wa pacha lakini lisilokusudiwa kuruka. Lilitikiswa kabla ya wazo la kamera kuzaliwa. Mama Pacha alilijua hilo kuliko mtu yeyote mle ndani. Lakini moyo ukishapenda, hoja huzitafutia mlango wa nyuma.

"Jicho ndilo ninalolihurumia," alisema. "Tetemeko, tafadhali. Wenye roketi nusu inawatosha."

Tetemeko alishusha mabega. "Wewe ndiye mama yake," alisema, na kwa mkono wake mwenyewe akakizungusha kitufe hadi katikati.

Kurwa alivuma kama nyuki ndani ya chupa. Mstari wa kompyuta ulitambaa taratibu, haukuruka hata mara moja. Walipozima, jicho lilikuwa zima, linang'aa. Mzee wa Miwani aliitwa, akaingia kwa kunyata, akaangalia, akakumbatia kila aliyemkaribia. Mama Pacha alivuta pumzi ndefu. Mtoto hakutoa sauti yoyote, na kimya kile kilimpendeza kuliko wimbo.

Siku ya kupaa, chumba cha redio kilijaa mpaka mlangoni. Roketi ilikuwa mbali, ng'ambo ya bahari, lakini picha yake iliwajia ukutani, nyeupe, ikitoa mvuke kama sufuria iliyoinjikwa. Kinyozi alifunga duka na kuja na chanuo likiwa bado mfukoni. Binti alikaa mabegani mwake. Mzee wa Miwani alivaa koti la sherehe na tai aliyoifunga vibaya, Sikio akamfungua na kumfunga upya.

"Imeandikwa wapi kwamba anayeangalia runinga avae tai?" Tetemeko alimtania.

"Jicho langu linasafiri," Mzee alijibu. "Ningelisindikiza na kanzu ya kulalia?"

Hesabu ya kurudi nyuma ilianza. Watu wote walihesabu kwa sauti, hata mfagizi aliyekuwa anapita na ndoo yake alisimama akahesabu. Moto ukalipuka chini ya roketi, nayo ikajiinua kama mtu anayenyanyuka na mzigo kichwani, polepole, kisha kwa kasi, kisha ikawa nukta. Chumba kilinguruma. Binti alimpiga baba yake kichwani kwa furaha kama ngoma. Mama Pacha hakupiga kelele. Alikuwa amekishika kiti cha mbele yake kwa nguvu. Baadaye ilitangazwa kwamba maboksi yote mawili yametolewa salama, yakasukumwa nje moja baada ya jingine kama mbegu zinazotoka kwenye ganda.

Ikabaki kusubiri yapite juu ya vichwa vyao. Sikio alivaa kisikilizio kwenye sikio lake zima. Aliinua mkono, na watu waliokuwa wakizungumza kwa pamoja wakanyamaza kama waliofungwa midomo kwa uzi. Kwanza kulikuwa na mchakarisho tu, kama mchele unaopepetwa. Kisha, mbali sana, sauti nyembamba ikatokea: pii, pii, pii.

Sikio alichomoa waya ili wote wasikie. Uso wake ulikuwa umejaa tabasamu. "Doto," alisema. "Analia."

Chumba kililipuka. Tetemeko, ambaye siku zote alitembea kama aliyemeza rula, alimnyanyua Mzee wa Miwani juu, tai na vyote. Namba zilianza kumiminika kwenye kompyuta: betri imejaa, antena imekunjuka, joto la ndani ni zuri. Kile kiboksi walichokishika kwa mikono yao kilikuwa kinakata anga na kuwapigia simu nyumbani. Hata Mama Pacha alicheka, akamshika mumewe wakazunguka mle chumbani kama wachumba.

"Tulieni, tulieni," Sikio alisema. "Kurwa yuko nyuma yake kidogo."

Walitulia. Mchele ulipepetwa. Sauti ya Doto ilififia upande wa pili wa anga, na nyuma yake hakukuwa na kitu. Sikio alizungusha vitufe, akakaza macho. Hakuna kitu. Duara lililofuata Doto alipita tena akilia kwa nguvu, na nyuma yake kimya kilekile.

"Labda betri inajichaji," alisema mmoja.

"Labda," alisema Tetemeko bila kumtazama mtu.

Binti alishuka mabegani kwa baba yake, akamvuta mama yake koti. "Mama, yule mwingine mbona halii?"

Mama Pacha alifungua mdomo ajibu. Jibu alilokuwa nalo lilikuwa la siku ya Ijumaa, la kitufe kilichoishia katikati. Alikaa kwenye kiti na kulia. Alilia kwa sauti, mbele ya mkuu wa chuo na waandishi wa habari, yeye ambaye sindano haikuwahi kumtoa chozi. Kinyozi alisimama kando yake, akatafuta leso mfukoni, akapata chanuo, akabaki amelishika.

Kwa majuma kadhaa waliendelea kumwita Kurwa kila alipopita. Hakuitika. Mama Pacha alipokauka machozi alirudi kuwa yule wa nyumbani. Alimleta Mwanasesere mezani, akamwomba Mzee wa Miwani kipande cha kioo chenye uzito uleule, kisicho na haja ya kung'arishwa. Walikifunga kwa skrubu za aina ileile, kwa mkono uleule uliomfunga Kurwa.

"Mpaka mwisho," alisema. "Na zaidi kidogo."

Tetemeko alizungusha. Mwanasesere alinguruma, kisha ukaja ukelele, mkali kama bati linalokwanguliwa kwa msumari. Walipofungua, Mzee wa Miwani alikuwa wa kwanza kuinama. Kioo hakikuwa na ufa. Hakikuwa hata na mkwaruzo. Lakini skrubu moja ya kushikilia kamera ilikuwa imejifungua kwa ule mtetemo, ikatoka tunduni mwake na kuangukia juu ya waya wa betri. Huko angani ajali kama hiyo ingeleta shoti ya umeme na kuua kila kitu ndani ya Kurwa kabla hajatoa sauti ya kwanza.

"Kwa hiyo jicho lilikuwa zima," Mzee alisema taratibu.

"Jicho lilikuwa zima," Mama Pacha alirudia. "Nililihurumia lisilokuwa na shida."

"Dawa yake ni nini?" aliuliza Sikio.

Tetemeko alifungua droo, akatoa kichupa. "Gundi ya skrubu. Tone moja."

Mama Pacha alingoja asikie neno "nilikwambia", na alikuwa tayari kulipokea, maana alilistahili. Tetemeko alikiweka kichupa mezani. "Kitufe nilikizungusha mimi," alisema. "Darasani nilikuwa wa kwanza, siku ile nikawa wa mwisho."

Doto hakuwangoja wamalize kuomboleza. Alifanya kazi ya watu wawili. Kila asubuhi alishusha vipimo vya unyevu, na msimu ulipokaribia, maofisa wa kilimo walianza kupiga simu maabara kabla hata ya kunywa chai. Sifa zake ziliwafikia wenye roketi nyingine, nao wakatoa nafasi kwa boksi moja mwaka uliofuata. Kikundi kilipopata habari, Tetemeko alikimbia ngazi zote mpaka juu, akafika akiwa hana pumzi ya kuisema. Mzee wa Miwani hakuhitaji kuelezwa. Alishaanza kusaga.

Setilaiti ya tatu waliiita Mdogo Wao. Siku ya kuitikisa, Tetemeko alipotaka kukaa kwenye kiti chake, alimkuta Mama Pacha amekikalia. Mzee wa Miwani safari hii hakutoka nje. Alikaa kwenye pipa lililofunikwa, mikono magotini. Binti naye alikuwepo, shule zilikuwa zimefungwa. Alivalishwa koti jeupe lililomfika kwenye vifundo vya miguu, akaambiwa asiguse kitu.

Mdogo Wao alikuwa na jicho jipya, zuri kuliko la kwanza. Lilimtazama Mama Pacha kama Kurwa alivyomtazama. Akakizungusha kitufe. Kilipita robo, kikapita nusu. Boksi lilianza kunguruma. Kikapita robo tatu. Ngurumo ikawa ukelele, na mstari wa kompyuta ukaruka.

Mzee aliinuka kwenye pipa. Tetemeko alinyoosha mkono kuelekea kizimio. Sikio alikuwa ameliziba kwa kiganja lile sikio lake moja. "Mama Pacha, mtoto analia," alisema.

"Mwache alie," Mama Pacha alijibu, na mkono wake ukakisukuma kitufe hadi mwisho, na zaidi kidogo. "Alie hapa nilipo. Kule juu sina mkono wa kumfikia."

Alizima muda ulipotimia, si kabla. Walimfungua Mdogo Wao wakiwa wamegongana vichwa kwa hamu. Kamera ilikuwa imara, kila skrubu na gundi yake. Kona ya nyuma, mahali ambapo hakuna aliyewahi kupatilia shaka, kibano kimoja cha waya kilikuwa kimekatika.

Binti alichungulia kati ya viwiko vya watu wazima. "Ni kibanzi?"

"Ni kibanzi," mama yake alisema, akicheka uso mzima. "Nileteeni sindano."

Mdogo Wao alipanda roketi na kibano kipya. Alilia kwenye duara lake la kwanza kabisa, kwa sauti nene ambayo Sikio aliapa kwamba hata sikio la kushoto liliisikia. Picha yake ya kwanza sasa imetundikwa katika duka la kinyozi, juu ya kioo: mto, milima, mashamba yaliyokatwa kama viraka vya shuka, yote yakiwa yameonwa na jicho lililosagwa mtaa wa pili. Wateja huuliza lile bati la paa lake liko wapi. Kinyozi huonyesha kwa chanuo, kila siku mahali tofauti, na hakuna anayembishia kwa sababu wembe uko mkononi mwake.

Na juu ya mlango wa maabara, ile kanuni ya wino mwekundu bado ipo. Chini yake Mama Pacha ameongeza mstari mmoja, kwa mwandiko mkubwa kuliko wa kwanza, ili hata yeye mwenyewe asije akapita bila kuusoma: Mchelea mwana kulia hulia yeye.